"SIJAELEWA" SI NENO LA AIBU

Liko neno moja fupi katika lugha yetu ambalo wengi wetu twaliogopa kuliko tunavyoogopa deni. Neno hilo ni "sijaelewa". Mtu hupewa karatasi, huisoma toka juu hata chini, huigeuza nyuma kutazama kama iko sehemu iliyosalia, kisha huulizwa: Umeelewa? Naye, ingawa karatasi ile imemwacha katika giza lile lile alilokuwa nalo kabla ya kuisoma, hutikisa kichwa, hujibu "Ndiyo, mzee", hushika kalamu na kutia sahihi. Akiisha kutoka nje humtafuta mwenzake chini ya mwembe amwulize kwa sauti ya chini: "Hivi lile neno la mstari wa tatu lilikuwa na maana gani?" Mwenzake naye hajui, kwani naye alitikisa kichwa.

Leo twataka kulizungumza jambo hili kwa uwazi, maana si jambo dogo. Mikataba ya kazi, barua za kuachishwa kazi, karatasi za mikopo, maelezo ya mafao ya uzeeni, maandishi juu ya bahasha za dawa, na hata maazimio ya mikutano yetu wenyewe, vyote hivyo ni maandishi. Mwananchi asiyeyaelewa maandishi hayo, na asiyethubutu kusema kwamba hayaelewi, huitoa haki yake kabla hata ya kuombwa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Nasi twasema kwamba mwenye kuficha kutoelewa kwake hawezi kuzaa hoja, wala hawezi kuzaa madai.

LUGHA YETU HAINA UPUNGUFU

Asije mtu akatuambia ya kwamba Kiswahili hakina maneno ya kumwezesha mtu kusema ametatizika. Maneno hayo tunayo tele. Mmoja husema, "Maneno hayo yamenipita." Mwingine husema, "Hayakuniingia." Akipewa habari isiyopangika husema, "Haina kichwa wala miguu." Akiona msemaji anazunguka mbuyu humwambia, "Acha mafumbo, ndugu, sema wazi." Na mwenye adabu za kipwani husema, "Niwie radhi, bwana, nieleze tena, sikukupata vema." Kila moja la maneno haya lina mahali pake, wala hakuna hata moja lililo tusi.

Zaidi ya hayo, jadi yetu imempa heshima mtu aliyeshindwa kuelewa. Tuutazame mchezo wa vitendawili ambao kila mtoto wa pwani na wengi wa bara waliukuta nyumbani kwao. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitika, "Tega!" Wakijaribu na kushindwa, hawapigwi wala hawasimangwi. Huambiwa, "Nipe mji." Nao hutaja mji wowote, Tanga au Lamu au Bagamoyo, mtegaji hujisifu kidogo kwamba amekwenda huko akakaribishwa vizuri, kisha hulitoa jibu mbele ya wote. Watoto hujifunza hapo jambo lenye hekima kubwa: kushindwa kuelewa kuna mlango wa kutokea, mlango huo una bei yake ndogo ya mchezo, na bei ikiisha kulipwa ni wajibu wa mwenye fumbo kulifumbua.

Washairi wetu nao walikuwa na desturi hiyo. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, washairi wa miji mbalimbali waliulizana na kujibizana kwa beti. Kuuliza jambo mbele ya wasomaji wa nchi nzima hakukumvunjia mtu heshima. Kulimpatia marafiki. Basi aibu hii tuliyo nayo leo haikutoka kwa mababu. Yafaa tuulize ilitoka wapi.

MIJI ILIYOTOLEWA KWELI

Twaamini ya kwamba sehemu kubwa ya aibu hiyo ililetwa na karatasi yenyewe, jinsi ilivyoingia katika nchi yetu. Karatasi ilikuja pamoja na ofisi, na ofisi ilikuja pamoja na amri. Mtu aliyesimama mbele ya meza ya bwana mkubwa hakuletewa karatasi ili aielewe. Aliletewa ili atie dole gumba.

Mwezi Novemba mwaka 1884 Mjerumani aitwaye Carl Peters alivuka kutoka Unguja pamoja na wenzake, akaingia bara. Katika muda wa majuma machache tu alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akikusanya alama za wakuu wa nchi hizo juu ya karatasi zilizoandikwa kwa Kijerumani. Tarehe 29 Novemba mwaka huo Mangungo wa Msovero, katika Usagara, aliweka alama yake. Karatasi ile ilisema kwamba anaitoa nchi yake, na haki zote juu yake, kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Tarehe 27 Februari, 1885, Kaiser Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizopatikana kwa karatasi hizo. Ndipo ulipoanzia utawala ambao babu zetu waliupiga vita katika Maji Maji mwaka 1905 mpaka 1907.

Katika vitendawili mtu hutoa mji kwa maneno, akapewa jibu. Huko Usagara miji ilitolewa kweli, na jibu halikutolewa.

Siku hizi watu wakiona mkataba mbaya husema, "Huu ni mkataba wa Mangungo," na husema hivyo kwa kumcheka mzee yule. Sisi hatuoni sababu ya kucheka. Mangungo hakuijua lugha ya karatasi ile, wala aliyeileta hakuwa na nia ya kumfahamisha. Lakini mjukuu wake aliyesoma shule, mwenye haki ya kuuliza iliyoandikwa katika sheria, anayetia sahihi karatasi ya kurasa kumi na mbili katika muda wa kumeza kikombe cha chai, huyo ana udhuru gani? Kabla ya kumcheka Mangungo, kila mmoja wetu na atoe karatasi zake za sandukuni azisome upya.

Yuko pia Mwafrika aliyesoma, akakataa. Tarehe 2 Mei, 1889, Menelik wa Pili wa Ethiopia alifanya mkataba na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Kifungu cha 17, kwa Kiamhara, kilisema kwamba mfalme *aweza* kuitumia Serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Kwa Kitaliano kifungu kile kile kilimfunga: kilitaka shughuli hizo zipitie Italia. Tofauti ya neno moja iliigeuza dola kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wa wengine. Menelik alipofahamu, hakusema "Ndiyo, mzee". Aliandika kwamba hayo siyo aliyokubali, na mwaka 1893 akaukana mkataba wote. Waitaliano wakaja kwa bunduki, wakashindwa huko Adwa tarehe 1 Machi, 1896, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Italia ikakubali kwa maandishi kwamba Ethiopia ni nchi huru. Vita ile ilishindwa kwa mikuki na bunduki, lakini chanzo chake ni msomaji aliyeliona neno moja akasema: hili silo.

SHIDA ZIKO NAMNA TATU

Yatupasa tuwe waadilifu. Si kila andiko gumu ni andiko baya, wala si kila asiyeelewa ameonewa. Shida za kusoma ziko namna tatu, na kila moja ina neno lake la kujibu.

Namna ya kwanza ni ugumu wa jambo lenyewe. Kitabu cha mashine, cha hesabu za juu, cha sheria au cha elimu ya dini hakiwezi kuwa chepesi kama hadithi ya sungura na fisi. Hapo neno la kusema ni "Nifundishe." Msomaji wa namna hii sharti akubali kutoka jasho, asome mara ya pili na ya tatu, atafute kamusi, amtafute aliyetangulia. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kumlaumu mwandishi kwa ugumu wa elimu ni sawa na kuulaumu mlima Kilimanjaro kwa urefu wake.

Namna ya pili ni ugumu wa lugha. Jambo ni jepesi, bali limevikwa nguo ya kigeni. Mfanyakazi anaambiwa kwa Kiingereza kwamba likizo yake ni siku ishirini na nane, naye hajui. Hapo neno la kusema ni "Nifasirie." Hakuna aibu yoyote katika neno hilo, maana hakuna mtu aliyezaliwa anajua lugha zote za duniani.

Katika namna hii twahesabu pia alama na tarakimu za kitaalamu. Mgonjwa hupewa bahasha ya dawa iliyoandikwa "1 x 3". Mwuguzi akusudia kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Lakini mtu aliyefundishwa hesabu shuleni, na ambaye hakuambiwa neno, aweza kusoma kwamba moja mara tatu ni tatu, akavimeza vyote mara moja. Kosa lake si ujinga. Alisoma kama alivyofundishwa.

Namna ya tatu ndiyo mbaya, nayo ni ugumu wa makusudi. Mwandishi anajua, lakini hataki wewe ujue. Au, na hili ni la mara nyingi kuliko tunavyodhani, mwandishi mwenyewe hajui, akajificha nyuma ya maneno makubwa kama mtu anayejificha nyuma ya moshi. Wahenga walionya: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapo neno la kusema ni "Sema wazi." Na asiposema wazi, kalamu irudi mezani.

Ubaya ni huu: mtu mwenye aibu huziona shida zote tatu kuwa moja. Hudhani kila asichokielewa kimeshindikana kwa sababu ya udogo wa akili yake. Mjanja analijua jambo hilo, naye hulitumia.

HAKI ILIYOANDIKWA

Wafanyakazi wengi hawajui ya kwamba haki ya kusema "sijaelewa" imo ndani ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu cha 15 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi yenyewe ni ipi, inaanza lini, mkataba ni wa namna gani na wa muda gani, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na jinsi unavyokokotolewa. Sheria haikuishia hapo. Yasema kwamba ikiwa mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha kwamba anaelezwa kwa namna atakayoielewa.

Tulitazame jambo hili vizuri. Sheria haikumwagiza mfanyakazi ajifanye ameelewa. Mzigo wa kueleza umetwishwa mwenye karatasi. Kwa hiyo mfanyakazi asemaye "Bwana, kifungu hiki sijakielewa, naomba nielezwe" hafanyi ukorofi wala hachelewi kazi. Anamkumbusha mwajiri wajibu wake.

Tena muda una thamani. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo ni chache. Aliyeipokea barua asiyoielewa, akaikunja na kuitia mfukoni, akangoja mpaka shemeji yake msomi arudi kutoka safari, atakuta siku zimekwisha kuhesabiwa. Apate kuomba kuongezewa muda, ndiyo, lakini sasa ataomba kile ambacho kwanza kilikuwa chake.

Kuhusu lugha, nchi yetu imekwenda mwendo mrefu, ingawa polepole. Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, mahakama za mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili. Lakini mahakama za juu ziliendelea kuandika hukumu kwa Kiingereza kwa zaidi ya nusu karne. Mtu alisimama kizimbani akasikia mambo yake yakizungumzwa, akashinda au akashindwa, kisha akapewa karatasi ambayo yeye mwenyewe, mwenye kesi, hakuweza kuisoma. Mwezi Februari mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanzo wa mwezi huo huo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika hukumu kwa Kiswahili, alipandishwa na Rais John Magufuli kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani.

Hilo ni jambo la heri. Lakini tusijidanganye. Karatasi ya Kiswahili nayo yaweza kuwa gumu kama jiwe. Sentensi ya maneno mia moja yenye "isipokuwa pale ambapo", "bila kuathiri masharti ya", na "kwa kadiri itakavyokuwa" haiwi nyepesi kwa sababu tu imefasiriwa. Kubadili lugha ni nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni kusema wazi.

SOMO LA KIKOKOTOO

Mfano mkubwa wa miaka hii ni kikokotoo cha mafao. Miaka michache tu iliyopita neno hili lilikuwa la wataalamu peke yao, na leo hata muuza kahawa wa kijiweni analijua. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa, zilitolewa kanuni zilizoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25. Wafanyakazi waliokuwa wamezoea asilimia 50 walisoma, hawakuelewa. Waliuliza, wakaelezwa, wakasema bado hawajaelewa. Mwezi Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akazisimamisha kanuni hizo. Mwaka 2022 kikaja kikokotoo kipya cha asilimia 33. Na mwezi Juni mwaka 2024 Serikali ikatangaza Bungeni kwamba asilimia hiyo itapanda kuwa 40 kwa wale waliokuwa zamani katika kundi la asilimia 50, na 35 kwa kundi jingine.

Sisi hapa hatuhukumu ni asilimia ipi iliyo bora. Twataka kuonyesha jinsi jambo lilivyoandikwa. Kanuni ya mwaka 2022 ilipoandikwa kwa lugha ya wataalamu ilikuwa na sehemu moja ya 580, na wastani wa mishahara ya mwaka ya miaka mitatu bora, na 12.5, na asilimia, vyote vikizidishana katika mstari mmoja. Mwalimu wa miaka thelathini kazini aliutazama mstari huo akaona wadudu.

Lakini tuuseme kwa Kiswahili cha nyumbani. Chukua mtu aliyefanya kazi miezi 360, yaani miaka thelathini, na ambaye wastani wa mshahara wake katika miaka ile bora ulikuwa shilingi milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Gawanya 360 kwa 580, kisha zidisha kwa milioni 12. Utapata karibu shilingi 7,448,000. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka mmoja. Sasa igawe mafungu mawili. Fungu la asilimia 33 huzidishwa kwa 12.5, nalo hutolewa kwa mkupuo: ni kama shilingi 30,724,000. Fungu la asilimia 67 linalobaki hugawanywa kwa miezi 12, nalo hulipwa kila mwezi: ni kama shilingi 415,900.

Basi. Yamekwisha. Mtu aliyemaliza darasa la saba aweza kuyafuata hayo kwa kalamu na karatasi, na baada ya kuyafuata aweza kusema nayakubali au siyakubali, akajua anachokisema. Kelele nyingi zilizopigwa juu ya kikokotoo zilikuwa za haki, lakini nyingine zilitokana na mstari ambao hakuna aliyejisumbua kuufungua mbele ya wenye kuhusika. Na yafaa tukumbuke pia: kama wafanyakazi wangetikisa vichwa mwaka 2018, mambo yangeishia pale pale. Yalibadilika kwa sababu watu walisema kwa sauti kwamba hawajaelewa na hawajaridhika.

KARATASI YA MKOPO

Mahali pengine ambapo kimya huleta msiba ni katika mikopo ile ambayo wananchi wameipa jina la haki, "kausha damu". Mama lishe au dereva wa bodaboda huchukua shilingi 500,000. Karatasi yasema riba ni asilimia 20. Anapiga hesabu: asilimia 20 ya laki tano ni laki moja, basi nitarudisha laki sita. Anatia sahihi. Hakuuliza neno moja: asilimia 20 ya muda gani? Ikiwa ni ya kila mwezi, juu ya laki tano zile zile, kwa miezi sita, basi riba peke yake ni laki sita, na deni lote ni shilingi 1,100,000. Swali la maneno manne, "Riba ni ya mwezi?", lingemwokolea cherehani, friji au pikipiki iliyowekwa rehani.

Wanaosema kwamba kuuliza ni kupoteza wakati watuambie ni wakati gani uliopotea zaidi: dakika moja ya swali, au miaka miwili ya kufanya kazi kwa ajili ya mtu mwingine.

TULIVYOSOMA PAMOJA

Nchi yetu ina historia nzuri katika jambo la kusoma, nayo yafaa itutie moyo. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ilipofika mwaka 1986 waliobaki bila kujua kusoma walikadiriwa kuwa mmoja tu katika kila kumi.

Lakini siri ya kazi ile haikuwa kuwafundisha watu herufi tu. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyowahusisha watu wapatao milioni mbili. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, mmoja wao akasoma kitabu kwa sauti, kisha wakazungumza: hili lina maana gani, na sisi hapa kijijini tutafanya nini? Katika kikundi cha namna ile mtu hakuona haya kusema halijamwingia, kwa sababu swali lake lilikuwa swali la wote. Vyoo vilichimbwa na madimbwi yakafukiwa kwa sababu andiko lilikuwa limeeleweka.

Twauliza: kwa nini desturi ile isirudi mahali pa kazi? Mkataba wa hali bora ukija, usibandikwe ubaoni tu. Tawi la chama cha wafanyakazi liwakalishe watu, mmoja asome kifungu kwa kifungu, na kila baada ya kifungu wanyamaze kidogo ili mwenye neno aseme.

NAMNA YA KUULIZA

Kwa kuwa kuuliza nako kuna ufundi wake, twatoa mashauri machache.

Kwanza, usiseme "sijaelewa" peke yake ukanyamaza. Weka kidole juu ya neno lenyewe. "Hapa palipoandikwa 'kadiri mwajiri atakavyoona inafaa', maana yake aweza kunihamisha bila kunilipa nauli?" Swali lenye kidole halina pa kukwepewa.

Pili, ukiisha kuelezwa, rudisha maelezo kwa maneno yako mwenyewe. "Kwa hiyo, mzee, wataka kusema kwamba nikiugua kwa mwezi mmoja nitalipwa mshahara wote?" Ikiwa umekosea, atakusahihisha. Ikiwa umepatia, amekwisha kusema mbele ya mashahidi.

Tatu, omba kuchukua karatasi nyumbani. Karatasi ya haki haiogopi kulala kwako usiku mmoja. Mtu anayekuharakisha kutia sahihi sasa hivi amekwisha kukueleza mengi juu ya karatasi yake.

Nne, uliza kwa adabu, lakini uliza mpaka mwisho. Adabu haimlazimishi mtu kukubali asichokijua. Kijana aweza kumwambia mkuu wake "Shikamoo" na "Samahani, mzee, bado sijakupata" katika pumzi moja, wala hakuna heshima iliyovunjika.

WENYE KALAMU NAO

Mwisho, twawageukia wanaoandika: makarani, wanasheria, wakuu wa idara, makatibu wa matawi, na waandishi wa magazeti, nasi tukiwamo. Msomaji akisema hajaelewa, neno la kwanza lisiwe "Huyu hakusoma". Liwe "Nimeandikaje?" Andiko ni mjumbe. Mjumbe akifika asisikike, anayemtuma ndiye mwenye hasara, na anayemtuma ndiye wa kumfundisha kusema. Kabla ya kutoa tangazo litakalogusa maisha ya watu elfu, msomee kwanza mlinzi wa lango na mfagizi wa ofisi, uwaulize wamesikia nini. Kama walichosikia sicho ulichoandika, rudi mezani.

Wako watakaosema kwamba tunawafundisha wafanyakazi ukaidi. Tunakataa. Mtu aliyeelewa mkataba wake hufanya kazi kwa moyo, maana ajua mpaka wa wajibu wake na mpaka wa haki yake. Mtu aliyetia sahihi gizani huishi kwa mashaka, hushuku kila amri, na hugoma kwa uvumi. Kiwanda chenye watu wanaouliza kina amani kuliko kiwanda chenye watu wanaotikisa vichwa, kwani kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi, ndugu wananchi, mkutano ujao mwenyekiti atakapofunga faili na kuuliza, "Kuna swali?", tusitazamane wala tusitazame chini. Yule ambaye hajaelewa na asimame, ataje ukurasa, ataje mstari, aseme bila woga: "Mwenyekiti, hapa sijaelewa." Nao waliomzunguka wasimcheke. Wengi wao, kama wangekuwa wakweli, wangesimama pamoja naye.